Panya wa Morogoro na ruta iliyouawa Mgeta

Mwaka 2015 rafiki yangu mmoja aliua ruta. Neno kuua si langu, ndivyo mafundi wenyewe wanavyosema. Kifaa kinachomeka umeme, taa zinawaka zote kwa pamoja, halafu kimya. Wengine husema kimegeuka tofali. (Vijana wa Ushahidi kule Nairobi walipotangaza ruta yao ya kustahimili kukatika kwa umeme mwaka 2013, waliiita BRCK, jina ambalo kwa Kiingereza linasomeka kama tofali. Sijui kama walifikiria upande huo wa pili.)

Ruta yenyewe ilikuwa ndogo, nyeupe, yenye tundu la kuchomeka modemu ya simu. Ilikuwa mali ya shule moja ya sekondari huko juu Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, kule kabichi na njegere zinakotoka kuja Morogoro mjini. Shule ilikuwa na ruta moja tu. Sisemi ruta moja ya akiba, nasema ruta moja. Rafiki yangu, wakati huo mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuwa akisomea kompyuta, alipanda Land Rover kuukuu akaenda kuwasaidia wageuze ile ruta iweze kuwapa wanafunzi masomo yaliyohifadhiwa ndani ya shule, bila kula salio la modemu kila mara. Wazo zuri. Akaweka imeji ya OpenWrt. Kumbe nyuma ya ruta kuna kibandiko kinachotaja toleo la kifaa, na imeji aliyoweka ilikuwa ya toleo jingine. Herufi moja na tarakimu moja.

"Kijana," Mwalimu alimwambia, "umetuletea mtandao au umetuletea msiba?"

Akarudi mjini na ruta kwenye mfuko wa rambo, amenyong'onyea.

Nimekuwa nikiifikiria habari ile kwa miaka mingi, kwa sababu naona ndani yake historia nzima ya tarakilishi nchini kwetu. (Au ngamizi, au kompyuta. Mimi ugomvi huo niliuacha.) Historia hiyo ni ya mashine moja ambayo hutakiwi kuiharibu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Iliitwa ICT 1500, na ICT hapo si ile ya kwenye hotuba za mawaziri, ni jina la kampuni ya Kiingereza, International Computers and Tabulators. Kichekesho ni kwamba hata mashine hiyo haikuwa yao hasa. Ilikuwa RCA 301 ya Marekani iliyobandikwa jina jipya. Mwaka 1974, baada ya mipango ya kompyuta serikalini kwenda mrama, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalum. Kuna wanaoicheka marufuku ile. Mimi siicheki moja kwa moja, maana fedha za kigeni zilikuwa adimu kweli na hasara ilikuwa ya kweli. Lakini ilituachia tabia. Hata marufuku ilipokwisha, chumba cha kompyuta kiliendelea kuwa kama chumba cha maiti. Unavua viatu mlangoni. Mapazia yamefungwa. Mashine imefunikwa kitambaa kilichodariziwa. Mwalimu mwenye ufunguo kaenda Msamvu, atarudi jioni.

Sasa niambie, katika chumba cha namna hiyo nani atajifunza jinsi kitu kinavyofanya kazi ndani? Kujifunza kunataka kuharibu. Mtoto wa fundi redio anajua redio kwa sababu baba yake ana redio kumi mbovu chini ya meza.

Turudi kwenye ile ruta, tuone kwa nini ilikuwa na Linux ndani. Linus Torvalds alitangaza mradi wake Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na aliuandika kwa ajili ya kompyuta ya mezani iliyokuwa chumbani kwake. Vifaa vidogo vilikuja baadaye. Kisa ambacho kila mpenzi wa ruta anakijua ni cha Linksys WRT54G, ruta ya rangi ya bluu na nyeusi iliyoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2002. Mwaka 2003 wapekuzi wakagundua kwamba femwea yake, yaani programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe, imejengwa juu ya Linux. Linux ina leseni inayosema: ukigawa kazi hii kwa watu, wape na msimbo wake. Cisco, waliokuwa wameinunua Linksys mwaka huohuo, wakautoa msimbo hadharani. Mwaka 2004 ukazaliwa mradi wa OpenWrt, na kuanzia hapo ruta ya dukani ikawa kompyuta ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifungua, kuisoma na kuibadilisha.

Mwaka huohuo wa 2004 ulikuwa na mengi kwa watu wa programu huria. Oktoba ilitoka Ubuntu, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, waliweza kukutumia CD bure hadi kwenye sanduku lako la posta. Desemba, watu wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Nakumbuka furaha ile. Tulidhani kazi kubwa ni lugha. Lugha ilikuwa kazi kubwa kweli, lakini kulikuwa na kazi nyingine ambayo haikuwa na uzinduzi wala keki: nani atawapa vijana mashine za kuharibu?

Jibu lilikuwa limeshaanza kuandikwa mwaka mmoja nyuma, na Mfaransa anayeitwa Fabrice Bellard. Mwaka 2003 alitoa QEMU. Hiyo ni emuleta, yaani programu inayojifanya mashine. Unaiendesha kwenye kompyuta yako kama unavyoendesha programu yoyote, nayo inajifanya ina prosesa yake, kumbukumbu yake, kadi yake ya mtandao. Mfumo unaowekwa ndani haujui kwamba unadanganywa. Wazo lenyewe ni la zamani. Alan Turing alionyesha kwa hesabu mwaka 1936 kwamba mashine moja inaweza kuiga nyingine yoyote, na IBM walipotangaza System/360 mwaka 1964 waliwapoza wateja wao kwa kuahidi kwamba mashine mpya itaweza kuigiza zile za zamani, ili programu walizokwisha kuzigharamia zisitupwe. Angalia tofauti hapo. IBM waliigiza mashine za jana, kwa ajili ya wenye fedha. Bellard alitoa kifaa cha bure ambacho mtu wa Mazimbu angeweza kukitumia kuigiza mashine asiyokuwa nayo kabisa.

Na hilo si jambo la ruta tu. Google walipotoa zana za kutengenezea programu za Android mwishoni mwa mwaka 2007, ndani yake kulikuwa na simu ya kuigiza, na uti wa mgongo wake ulikuwa QEMU. Mtu aliweza kuandika programu ya simu miaka kabla hajashika simu yenyewe. Kwa Afrika Mashariki simu ya Android ya bei ya kueleweka ilikuja kuwa gumzo mwaka 2011, Safaricom walipouza Huawei IDEOS kwa shilingi 8,000 za Kenya.

Haya, Mazimbu. Kwa asiyejua, Mazimbu ni nje kidogo ya Morogoro, na majengo yake yalijengwa na wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Ndiyo iliyokuwa shule ya ANC, Solomon Mahlangu Freedom College, hadi walipoikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992 na kuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Rafiki yangu alikuwa amepanga chumba jirani na hapo. Alikuwa na laptop yenye skrini iliyopasuka kona, na ruta ya shule, maiti, juu ya dirisha. Hakuwa na fedha ya kununua ruta nyingine ya kujaribia. Mtu mmoja akamwambia, kabla hujagusa tena kifaa cha watu, fanyia mazoezi kwenye QEMU.

OpenWrt hutoa imeji kwa ajili ya bodi inayoitwa Malta, bodi ya majaribio yenye prosesa ya MIPS, familia ileile ya prosesa iliyokuwa kwenye ruta ile. QEMU inajua kujifanya Malta. Kwa hiyo amri ilikuwa mstari mmoja tu:

qemu-system-mips -M malta -m 64 -nographic -kernel openwrt-malta-be-vmlinux-initramfs.elf

Nilikuwepo alipobonyeza. Dirisha jeusi likaanza kutiririsha mistari: kerneli inaamka, inahesabu kumbukumbu, inaitafuta kadi ya mtandao, inaikuta. Kisha ikakaa ikingoja ubonyeze kitufe cha kuingia. Akabonyeza. Ukatokea mchoro wa herufi wenye jina la OpenWrt, toleo la Barrier Breaker, na chini yake maelezo ya kuchanganya pombe. Sitanii. Matoleo ya OpenWrt wakati huo yalipewa majina ya vinywaji vya baa, na mapishi yaliandikwa palepale. Rafiki yangu, mlokole asiyegusa hata togwa iliyolala, alisoma mapishi yale mpaka mwisho kwa umakini mkubwa, akidhani ni maelekezo ya mfumo.

Akaandika uname -m. Mashine ikajibu: mips. Laptop ya Intel ndani yake kuna kitu kinachoapa kwamba chenyewe ni ruta!

Wiki zilizofuata aliiua ruta ile ya kuigiza kila siku. Alifuta faili la mipangilio ya mtandao akaona inavyojifungia nje. Alifunga ukuta wa moto vibaya. Alijaza kumbukumbu mpaka kerneli ikaanza kuua programu moja baada ya nyingine. Kila mara alibonyeza Ctrl-A, kisha x, mashine ikatoweka, akaiita upya ikaja kama ilivyozaliwa. Ruta halisi ilikuwa na flashi ya MB 4 na kumbukumbu ya MB 32. Alipunguza ile 64 kwenye amri mpaka 32 ili aone nini kinaingia na nini hakiingii. Hapo ndipo alipoelewa kitu ambacho mimi nilikielewa kwa kumtazama tu: mfumo mzima wa ruta umebanwa kama nguo kwenye begi, sehemu ya chini haibadiliki, na mabadiliko yako yote yanaandikwa kwenye tabaka jembamba la juu. Ukivuruga tabaka la juu, unalifuta, ya chini ipo. Kilichomuua kule Mgeta ni kwamba aliligusa la chini.

Sasa nije kwa panya. Mbali kidogo na pale, kwenye ardhi ya chuo hichohicho cha Sokoine, kuna shirika la APOPO, lililoanza kazi Morogoro mwaka 2000. Wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Panya anaanza akiwa mdogo: akisikia mlio fulani, anapata chakula. Halafu anapata chakula akinusa harufu ya baruti tu. Mwishowe anapelekwa kwenye uwanja wa mazoezi wenye mabomu halisi, ya chuma na plastiki, lakini yaliyotolewa makali. Anatembea kwenye kamba, ananusa, anakwangua udongo. Akikosea, amekosa ndizi. Hakuna mguu unaokatika.

Mwaka ule wa 2015, Septemba, Msumbiji ilitangazwa kuwa haina tena maeneo yanayojulikana ya mabomu hayo, na panya wa Morogoro walikuwa sehemu ya kazi ile. Mwaka huo pia alikuwepo Morogoro panya aliyezaliwa 2013, hana jina kubwa bado, aitwaye Magawa. Mwaka 2016 alipelekwa Kambodia. Alistaafu mwaka 2021 akiwa amegundua mabomu na vilipuzi zaidi ya mia moja, na kabla ya hapo, 2020, alipewa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza. Alikufa Januari 2022. Ukweli ni kwamba Morogoro, mji kasoro bahari, inajua vizuri kuliko miji mingi maana ya kujifunza juu ya kitu cha hatari kilichotolewa makali. Rafiki yangu alikuwa akipita karibu na uwanja ule kila siku, na hakuwahi kuunganisha mambo haya mawili mpaka nilipomwambia. Akanijibu, "Kaka, kwa hiyo mimi ni panya?"

Lakini panya akifika nchi ngeni hapelekwi moja kwa moja kwenye mabomu. Anazoeshwa mazingira, anapimwa tena. Uwanja wa Morogoro si shamba la Kambodia. Na hapa ndipo emuleta nayo inapofika mwisho wake, jambo ambalo wapenzi wa emuleta hawapendi kulisema kwa sauti. Malta si ruta. Haina redio ya WiFi, kwa hiyo huwezi kujaribu mawimbi. Haina flashi iliyogawanywa kama ya ruta ile. Na kubwa kuliko yote, ile amri ya mstari mmoja inaikabidhi QEMU kerneli moja kwa moja. Kwenye kifaa halisi kuna mlinzi mlangoni, programu ndogo ya kuwasha inayoamka kabla ya Linux na kuamua nini kipakiwe. Emuleta ilikuwa ikimruka mlinzi huyo kila siku. Na mlinzi huyo ndiye pekee aliyekuwa bado hai ndani ya ruta ya Mgeta.

Walienda kwa fundi simu mmoja karibu na soko kuu. Fundi akafungua ruta, akalehemu nyaya tatu kwenye vitobo ambavyo hata sisi hatukuviona, akaziunganisha na kifaa cha USB cha bei ndogo, kisha na laptop. Rafiki yangu akafungua dirisha jeusi, akaweka kasi ya 115200, akawasha ruta. Mistari ikatiririka. Aliniambia baadaye kwamba moyo ulitulia palepale, kwa sababu aliitambua. Ilikuwa lugha ileile, dirisha lilelile la QEMU, isipokuwa safari hii maneno yalitoka kwenye kitu ambacho shule nzima ilikuwa inakisubiri.

Mlinzi wa mlangoni alitoa nafasi ya sekunde moja. Katika sekunde hiyo unatakiwa uandike neno la herufi tatu, vinginevyo anaendelea kupakia imeji mbovu na unaganda. Mara ya kwanza alichelewa. Mara ya pili akakosea herufi. Hili hakuwa amelifanyia mazoezi popote. Mara ya tatu akaanza kuandika hata kabla fundi hajagusa swichi, na mlinzi akafungua.

Kilichofuata ndicho kilichomtoa jasho. Ilibidi avute imeji sahihi kutoka kwenye laptop kupitia waya wa mtandao, aiweke kwenye kumbukumbu ya muda, afute flashi, kisha ainakili humo. Kufuta kunataka utaje anwani ya kuanzia na urefu. Ukitaja anwani iliyo nyuma kidogo unamfuta na mlinzi mwenyewe, na hapo hata nyaya tatu hazisaidii. Alisoma namba zile kwa sauti, fundi akazirudia kama mtu anayehesabu noti. Kibandiko cha nyuma ya ruta walikisoma mara nne. Halafu akabonyeza.

Taa moja ikawaka peke yake, ikaanza kupepesa polepole.

Wiki iliyofuata alipanda tena kwenda Mgeta, na ruta ikiwa kwenye mfuko uleule wa rambo. Mwalimu aliipokea, akaiweka juu kabisa ya kabati, akabandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: USIGUSE. Rafiki yangu hakubishana naye. Aliomba tu ruhusa ya kutumia kompyuta mbili za zamani zilizokuwa zimefunikwa vitambaa, akaweka QEMU na ile imeji ya Malta, akaandika amri kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kando ya skrini. Aliporudi mwezi uliofuata, binti mmoja wa kidato cha tatu alimwonyesha daftari. Alikuwa ameorodhesha njia kumi na moja za kuiua ruta, na mbele ya kila moja ameandika dalili zake.